Nipeni watu watano wa mbele, kwotabeki wa kawaida atatosha

Tarehe 13 Januari 1974, jijini Houston, Miami Dolphins walitwaa Super Bowl, fainali ya ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, kwa kuwachapa Minnesota Vikings 24–7. Kwotabeki wao (mchezaji anayeongoza mashambulizi kwa kurusha pasi au kumpa mwenzake mpira), Bob Griese, alirusha pasi 7 tu mechi nzima. Saba! Kazi aliachiwa Larry Csonka, aliyekimbia na mpira mara 33 na kukusanya yadi 145. Wawili kati ya waliokuwa wakimfungulia njia, Larry Little na Jim Langer, leo wamo kwenye Ukumbi wa Heshima wa mchezo huu kule Canton, Ohio. Griese naye yumo, kwa hiyo sithubutu kumwita mchezaji wa kawaida. Ninachosema ni kwamba siku ile hakuna aliyemdai zaidi ya kawaida.

Mimi ni kocha msaidizi wa safu ya mbele katika timu ya sekondari hapa Texas, na swali ninaloulizwa sana na Waswahili wenzangu wanaoanza kuufuatilia mchezo huu ni hili: timu yenye kwotabeki asiye nyota inashindaje? Jibu langu huwachosha, maana linahusu watu ambao kamera haiwafuati.

Kwa ambao bado ni wageni: timu inayoshambulia inapewa majaribio manne ya kusonga yadi 10. Ikifaulu inapewa mengine manne, ikishindwa mpira unakwenda kwa wapinzani. Kati ya wachezaji 11 wa kushambulia, watano ndio safu ya mbele: senta katikati, gadi wawili kushoto na kulia kwake, halafu takoli wawili nje yao. Senta anarusha mpira nyuma kupitia katikati ya miguu yake, na baada ya hapo, kwa kawaida, hakuna hata mmoja wa hao watano atakayeugusa tena. Kanuni haziwaruhusu hata kupokea pasi ya mbele wakiwa kwenye nafasi zao za kawaida. Kazi yao ni kuwasukuma watu, au kuwazuia wasimfikie kwotabeki.

Mama mmoja wa Kikongo, mwanawe tunaye kwenye timu kama takoli wa kulia, alinifuata baada ya mechi uso umekunjamana. "Kocha, mutoto yangu anacheza mechi yote, hata mara moya hamumupatie mupira. Alikosa nini?" Nikamwambia, "Mama, wenzake wanapata mpira kwa sababu yake." Hakuridhika, na ninamwelewa. Anayetoka kwenye soka ana mfano wa karibu zaidi kwa kiungo mkabaji, lakini hata kiungo mkabaji hupiga pasi.

Sasa tuje kwenye ushahidi. Sijaona mzuri kuliko ule wa Washington, chini ya kocha mkuu Joe Gibbs na kocha wa safu ya mbele Joe Bugel. Safu yao iliitwa Nguruwe, jina alilolianzisha Bugel mwenyewe kambini mwaka 1982. (Najua wasomaji wangu wa Pwani mmeshakunja nyuso. Washangiliaji wa kule walikuwa wanakuja uwanjani na pua za nguruwe za plastiki, wanaume wazima waliovaa magauni. Tuyaache hayo.) Timu hiyo ilishinda Super Bowl tatu, ile ya Januari 1983, ya Januari 1988 na ya Januari 1992, na kila mara kwotabeki alikuwa mwingine: Joe Theismann, kisha Doug Williams, kisha Mark Rypien. Hadi leo Gibbs ndiye kocha pekee aliyeshinda tatu kwa makwotabeki watatu tofauti. Wapokeaji walibadilika, wakimbiaji walibadilika. Joe Jacoby, Russ Grimm na Jeff Bostic walikuwemo kwenye kikosi mara zote tatu.

Na hao hawakununuliwa kwa bei kubwa. Jacoby, jitu la futi sita na inchi saba, hakuchaguliwa na timu yoyote mwaka 1981 kwenye mchujo, yaani zamu ambazo timu huchagua vijana wanaotoka vyuoni, raundi kwa raundi. Bostic naye hakuchaguliwa. Walitengenezwa.

Katika fainali ya Januari 1983 dhidi ya Miami, Theismann alirusha yadi 143, pasi mbili za kufunga na mbili zilizonaswa na wapinzani. Usiku wa wastani kabisa. John Riggins alikimbia mara 38 kwa yadi 166. Katika robo ya nne Washington walikuwa nyuma 17–13, jaribio la nne, imebaki yadi 1, na Gibbs hakumwomba Theismann afanye maajabu. Aliagiza mpira uende kushoto, nyuma ya Grimm na Jacoby, ambako Miami walijua fika kwamba unaweza kwenda. Beki mmoja, Don McNeal, alimfikia Riggins na kumshika jezi, ikamponyoka. Yadi 43 mpaka mwisho. Washington walishinda 27–17.

Lakini mchezo, yaani mpango wa shambulizi moja, uliowapa jina zaidi ni mwingine, na huu ninaufundisha mpaka leo karibu bila kuubadilisha. Gibbs na Bugel waliuchukua kwa Chuo Kikuu cha Nebraska. Riggins anaanza kwa hatua moja kushoto. Upande wote wa kulia wa safu unabana kuelekea ndani, kila mmoja anamsukuma mlinzi aliye upande wake wa kushoto. Malainibeka, walinzi wanaosimama nyuma ya safu ya mbele ya ulinzi, wanasoma hayo na kuegemea upande huo. Papo hapo gadi na takoli wa kushoto wanaondoka kwenye nafasi zao, wanakimbia nyuma ya wenzao kuelekea kulia. Gadi anamfuata mlinzi wa mwisho pembeni na kumtupa nje. Takoli anapita kwenye uwazi huohuo na kumtafuta lainibeka wa kwanza anayejaribu kurudi. Riggins, akishakanyaga ile hatua ya uongo, anageuka na kufuata mgongo wa takoli.

Uone alichofanya kwotabeki: amegeuka, amempa mtu mpira mkononi, basi. Ila mchezo huo una mtoto wake. Ukishaupiga mara nne au tano na kupata yadi sita sita, walinzi wa nyuma wanaanza kusogea mbele kila wakiona gadi anakimbia. Hapo kwotabeki anajifanya anatoa mpira, anaubakiza, na mpokeaji aliyekuwa akilindwa na watu wawili sasa analindwa na mmoja, tena aliyechelewa. Kwotabeki hasomi uwanja mzima. Anamtazama mtu mmoja: amesogea au hajasogea? Hilo kijana wa miaka 16 analiweza.

Nikisema "kwotabeki wa kawaida" nina maana hiyo. Ni mtu anayetoa pasi kwa wakati, asiyewagawia wapinzani mpira, na anayeweza kumpata mpokeaji aliye peke yake. Ukiwa kwenye jaribio la pili na zimebaki yadi 4, ulinzi haujui kama unakuja na mbio au pasi, na mtu huyo anatosha kabisa. Ukiwa kwenye jaribio la tatu na zimebaki yadi 12, kila mtu uwanjani anajua ni pasi, na hapo ndipo unapohitaji mtu wa mamilioni. Safu nzuri ya mbele kazi yake kubwa ni kupunguza idadi ya hizo yadi 12.

Rypien ndiye mfano wangu ninaoupenda. Alichaguliwa raundi ya 6 mwaka 1986. Msimu wa 1991, Washington walishinda mechi 14 kati ya 16, na katika mechi zote hizo makwotabeki wao waliangushwa na mpira mkononi mara 9 tu. Kuna timu zinazoruhusu hivyo kwa mwezi. Rypien alikuwa na muda wa kusubiri Art Monk, Gary Clark na Ricky Sanders wafike mbali, na pasi ndefu ndiyo iliyokuwa silaha yake hasa. Alirusha pasi 28 za kufunga, zikanaswa 11, na akawa mchezaji bora wa fainali waliyowafunga Buffalo 37–24. Mwaka uliofuata safu ile ilikumbwa na majeraha, na Rypien yuleyule akarusha 13 za kufunga huku 17 zikinaswa. Sidai kwamba majeraha ya wenzake yalikuwa sababu pekee. Ila mkono wake haukubadilika kwa miezi sita.

Kuhusu Doug Williams sitasema ni wa kawaida. Alikuwa mbadala, mechi mbili alizoanza kwenye msimu wa kawaida wa 1987 zote walifungwa, kisha akaenda kwenye fainali akarusha yadi 340 na pasi nne za kufunga, kwotabeki wa kwanza Mweusi kuanza na kushinda Super Bowl. Siku hiyohiyo mkimbiaji mgeni asiyejulikana, Timmy Smith, alikimbia yadi 204, rekodi ya fainali. Smith hakufanya tena chochote cha kukumbukwa kwenye ligi. Nyuma ya safu ile, kwa siku moja, alikuwa mfalme.

Mtaniletea Trent Dilfer, kwotabeki wa kawaida aliyeshinda Super Bowl na Baltimore Ravens wa msimu wa mwaka 2000. Huletwa kila mara. Mimi simhesabu. Ulinzi wa Baltimore uliruhusu pointi 165 tu kwa mechi 16, na Oktoba ile timu ilicheza mechi tano bila ushambuliaji wake kuvuka mstari wa goli. Hiyo ni hadithi ya ulinzi, ingawa Jonathan Ogden alikuwa kwenye safu yao ya mbele na ni mmoja wa matakoli bora waliowahi kucheza.

Ukitaka kuona kinyume chake, itazame fainali ya Februari 2021. Kansas City Chiefs walikuwa na Patrick Mahomes, na sitaki kubishana na mtu kuhusu kipaji chake. Lakini matakoli wote wawili wa kawaida, Eric Fisher na Mitchell Schwartz, walikuwa majeruhi. Mahomes alikimbia huku na huko nyuma ya safu yake usiku kucha, akabanwa na walinzi mara 29, nyingi kuliko kwotabeki yeyote aliyewahi kucheza Super Bowl, na Chiefs hawakuvuka mstari wa goli hata mara moja. Tampa Bay walishinda 31–9. Viongozi wa Chiefs waligeukia safu ya mbele. Walimsajili Joe Thuney, wakabadilishana na Baltimore wakampata Orlando Brown, wakachagua Creed Humphrey na Trey Smith. Miaka miwili baadaye waliwafunga Philadelphia 38–35, na Mahomes hakuangushwa hata mara moja.

Kuna na hesabu ya pesa. Mwaka 2024 kila timu iliruhusiwa kutumia dola milioni 255.4 kwa mishahara. Mwaka huohuo Dak Prescott wa Dallas alisaini mkataba wa wastani wa dola milioni 60 kwa mwaka, wakati Humphrey, mmoja wa masenta bora kabisa, alisaini kwa milioni 18. Kwa fedha ya kwotabeki mmoja unapata masenta watatu wa daraja hilo na chenji inabaki. Bahati mbaya unahitaji senta mmoja tu, lakini mmeelewa.

Kwa nini basi timu zote hazifanyi hivyo? Kwa sababu safu ya mbele haijengwi kwa kununua watano wazuri. Mchezo ninaoutumia kuwapima vijana wangu ni huu: takoli wa ulinzi anavamia kwa nje kumgonga takoli wangu, na mwenzake wa pembeni anazunguka nyuma yake aingie ndani. Gadi na takoli wangu wanatakiwa wabadilishane watu katikati ya vurugu, bila kusema neno. Kama mmoja amerudi nyuma hatua moja zaidi ya mwenzake, watagongana wenyewe kwa wenyewe, na kwotabeki analala chini. Wakiwa mstari mmoja, mabega sambamba, wanapokezana kama vile hakuna kilichotokea. Hili halifundishiki kwa wiki. Na wanne wakiwa wazuri na mmoja dhaifu, ulinzi utampelekea huyo mmoja wageni usiku mzima.

Rees Odhiambo, mzaliwa wa Nairobi, analijua hilo kuliko mimi. Seattle walimchukua raundi ya 3 mwaka 2016 akitokea Boise State, na mwaka 2017, takoli wao wa kushoto alipoumia kabla ya msimu kuanza, akatupwa kwenye nafasi ngumu kuliko zote kwenye safu. Kabla msimu haujaisha timu ikamleta Duane Brown kutoka Houston kushika nafasi ileile. Wakenya wengi hawajui hata kwamba kijana wao aliwahi kusimama pale.

Mfumo huu una mpaka wake, na Tennessee Titans walitufundisha Januari 2020. Ryan Tannehill alirusha yadi 72 tu na wakawatoa New England. Wiki iliyofuata akarusha 88 na wakawatoa Baltimore. Derrick Henry alikimbia yadi 182, kisha 195, nyuma ya Taylor Lewan, Rodger Saffold, Ben Jones, Nate Davis na Jack Conklin. Kisha wakaenda Kansas City, wakaongoza 17–7, na Chiefs wakageuza kibao. Ukiwa nyuma, saa inakimbia na huwezi tena kukimbia na mpira; Henry aliishia na yadi 69, na Titans wakafungwa 35–24.

Kwa hiyo kwenye mazoezi yetu kuna kipindi ambacho vijana wangu wa mbele hawakipendi. Naweka pointi 14 za kufukuzia na dakika nne kwenye saa, namnyima mkimbiaji mpira kabisa, na walinzi wanaruhusiwa kuvamia watakavyo. Kwotabeki wetu anapewa pasi tatu anazozijua vizuri, basi, anazirudia. Wale watano wanatakiwa wampe muda mara kumi na mbili mfululizo, huku kila mtu akijua ni pasi. Kwa sasa wanafika nane.