Kikata mfupa cha ultrasoniki kinaweza kuunguza neva

Wengi huamini kwamba kifaa cha ultrasoniki hukata mfupa tu, hivyo neva haiwezi kudhurika hata ikiguswa. Imani hiyo ni ya hatari, hasa anapoondolewa mgonjwa uvimbe wa neva ya usikivu, ambapo mfupa unaozunguka mfereji wa ndani wa sikio hupunguzwa kandokando ya neva ya uso.

Ncha ya kifaa hutetemeka takriban mara 25,000 hadi 35,000 kwa sekunde, kwa mwendo mfupi mno, chini ya nusu ya milimita. Mfupa ni mgumu, hauwezi kuufuata mtetemo huo, basi humeguka. Utando wa ubongo na neva hunepa pamoja na ncha. Tena ncha haizunguki, kwa hiyo hainasi pamba inayowekwa kulinda tishu wala kuiviringisha kama inavyofanya drili. Hiyo ni faida kubwa kweli.

Lakini kunepa hakuzuii joto. Mfupa wenyewe huanza kufa ukikaa kwenye nyuzi 47 za Selsiasi kwa dakika moja, na neva haivumilii zaidi ya hapo. Kosa la kawaida ni kukandamiza: mtetemo hufifia, ukataji hupungua, na nishati hugeuka joto. Mkono uwe mwepesi, ncha isogezwe muda wote, maji ya chumvi yatiririke bila kukatika. Katika tundu jembamba maji huenda yasiifikie ncha. Daktari asimame kila baada ya muda mfupi, apooze, kisha aendelee. Kifaa kinachofuatilia utendaji wa neva ya uso kibaki kimewashwa.