Koili ya vali, pini ya mikrokontrola na imani zinazounguza transista

Mvua za Dodoma huisha mapema, na kuanzia hapo mizabibu ya Hombolo au Mpunguzi inategemea maji ya kisima na mipira ya matone. Vijana wengi wenye ujuzi wa elektroniki wameanza kuunda vidhibiti vyao vya umwagiliaji: kihisi cha unyevu, Arduino au ESP32 (bodi ndogo zenye mikrokontrola, yaani kompyuta ndogo ndani ya chipu), vali ya solenoidi ya volti 12 (inayofunguliwa na koili ya umeme), betri na paneli ya sola. Mara nyingi programu haina tatizo. Kinachokufa ni ile sehemu ndogo iliyo kati ya pini ya mikrokontrola na koili ya vali, kwa sababu imeundwa kwa kufikiria vali ikiwa imewaka tu, wakati hatari kubwa iko pale inapozimwa.

Kila "dhana" hapa chini ni imani potofu, ikifuatiwa na jibu lake. Hesabu zote zinatumia vali moja ambayo koili yake, ikipimwa kwa multimita, inasoma 30 Ω.

Dhana: vali imeandikwa 12 V, basi hesabu ni ya 12 V.
Betri ya risasi inayochajiwa na sola hufika 14.4 V mchana. Kwa 12 V koili inavuta 400 mA, kwa 14.4 V inavuta 480 mA, na joto lake linapanda kutoka wati 4.8 hadi karibu 7. Piga hesabu zote kwa 14.4 V. Saa saba mchana, ndani ya boksi lililofungwa chini ya bati, ndipo sakiti inapopimwa kweli.

Dhana: rilei ndogo (swichi inayoendeshwa na koili) haihitaji transista.
Rilei ya kawaida ya 5 V ina koili ya takriban 70 Ω, yaani inavuta 70 mA. Pini ya ATmega328P, chipu ya Arduino Uno, ina kikomo cha mwisho cha 40 mA, na kiwango salama cha kufanyia kazi ni 20 mA. Huenda rilei ikabofya vizuri leo, lakini pini inaumia kila inapobofya.

Dhana: transista yoyote ya NPN na rizista ya 1 kΩ kwenye besi, mguu wake wa kuiongoza, inatosha.
Inatosha kwa rilei ya 12 V inayovuta 30 mA. Kwa vali yetu haitoshi. Kutoka 5 V, rizista ya 1 kΩ inapitisha takriban 4.3 mA kwenye besi. Ukuzaji wa mkondo wa 2N2222A, transista ya NPN ya kawaida, unaweza kushuka hadi 40 mkondo ukikaribia 500 mA, kwa hiyo umehakikishiwa kama 170 mA tu. Transista inabaki nusu wazi, inachemka, na vali huenda isifunguke. Kanuni ya kuitumia kama swichi ni kuipa besi sehemu moja ya kumi ya mkondo wa koili, yaani 48 mA hapa, na pini haina uwezo huo. Transista ya BC547 usiifikirie kabisa: mwisho wake ni 100 mA. Kwa mzigo huu tumia mosfeti, transista inayoongozwa na volti kwenye mguu uitwao geti, huku mkondo ukipita kati ya dreni na sosi.

Dhana: mosfeti ya IRFZ44N inafunguka kati ya volti 2 na 4, kwa hiyo 5 V za Arduino zinaitosha.
Hili ni kosa linalopoteza vifaa. Zile volti 2 hadi 4 ni mahali mosfeti inapoanza kupitisha mikroampea 250, mkondo usioweza hata kuwasha taa ndogo ya LED vizuri. Ukinzani mdogo unaosifiwa kwenye karatasi yake ya data umepimwa geti ikiwa na 10 V. Chagua mosfeti ambayo ukinzani huo umetajwa kwa volti ulizonazo: IRLZ44N kwa 5 V, AO3400 kwa 3.3 V za ESP32.

Namna ya kuhakikisha ni rahisi. Washa vali, weka waya mmoja wa multimita kwenye dreni na mwingine kwenye sosi. IRLZ44N iliyofunguka inasoma milivolti kumi na kitu. Ukisoma 2 V, kuna wati 0.8 zinazogeuka joto ndani ya mosfeti. Bila bamba la kupoozea, hizo zinaipandisha nyuzi 50 juu ya joto la boksi, ambalo tayari liko juu.

Dhana: dayodi (kifaa kinachopitisha mkondo upande mmoja tu) sambamba na koili ni ya tahadhari tu.
Mkondo ulio ndani ya koili haukubali kukatika ghafla, kama vile maji yenye kasi yanavyogonga bomba vali ikifungwa kwa mshtuko. Tuseme koili ina 100 mH na 480 mA zinakatwa ndani ya mikrosekunde 10: hesabu inatoa 4,800 V. Hazifiki huko, kwa kuwa mosfeti ya 55 V hushindwa kuzizuia mapema na kuzipitisha ndani yake. Huenda isife siku hiyo hiyo, na ndiyo maana watu hudhani walinusurika.

Weka dayodi ya 1N4007, mstari wake ukielekea chanya, karibu na mosfeti ili waya mrefu wa kwenda kwenye vali nao ulindwe. Ukiigeuza, umepiga shoti. Dayodi inabeba mkondo ule ule wa koili, 480 mA, hivyo dayodi ya 1N4148 ni ndogo mno.

Dayodi peke yake ina gharama: mkondo unazunguka na kufifia polepole, kwa hiyo vali au rilei inachelewa kuachia. Kwenye rilei inayokata pampu, nguzo zake zinaachana taratibu na cheche inazila. Unganisha zena ya 24 V (dayodi inayopitisha mkondo kinyume volti zikifika kiwango chake) mfululizo na dayodi, zikitazamana kinyume; koili inaachia haraka zaidi. Ila sasa mosfeti inakutana na 14.4 + 24 + 0.7, takriban 39 V. IRLZ44N inazimudu, AO3400 ya 30 V haiwezi.

Ukiendesha pampu kwa PWM, yaani kuiwasha na kuizima haraka sana ili kudhibiti kasi yake, acha zena, na 1N4007 pia haifai kwa kuwa inachelewa kufunga. Weka 1N5822, dayodi ya Schottky inayofunga haraka, inayobeba ampea 3.

Vali za 24 V AC, yaani za mkondo geu, ni habari nyingine. Dayodi kwenye koili ya AC inapiga shoti kila nusu ya wimbi. Huko swichi ni rilei au trayaki (swichi ya elektroniki ya mkondo geu), na kinachowekwa sambamba ni rizista ya 100 Ω mfululizo na kapasita ya 100 nF.

Dhana: moduli ya rilei yenye optokapla (kifaa kinachopitisha ishara kwa mwanga bila waya kugusana) imetenganishwa tayari na mikrokontrola.
Angalia jampa ya JD-VCC, kiunganishi kidogo kinachounganisha umeme wa koili na ule wa mikrokontrola. Ikiwa mahali pake, koili na mikrokontrola zinakula umeme mmoja, na utengano haupo. Itoe, na uipe koili chanzo chake chenye hasi yake.

Kwa mosfeti ni kinyume: hasi ya betri na hasi ya mikrokontrola lazima zikutane. Waya wa kutoka sosi uende wenyewe hadi kwenye betri, usipitie kwenye bodi. Ukipitia, kila vali inapowaka hasi ya bodi inayumba, na mikrokontrola inajiwasha upya bila sababu ya kuonekana.

Inapojiwasha, pini zake zinakuwa ingizo na geti inabaki inaelea. Vali inaweza kufunguka yenyewe usiku na kumaliza tangi. Rizista ya 10 kΩ kati ya geti na sosi inazuia hilo, na nyingine ya 220 Ω kati ya pini na geti inabana mkondo wa kuijaza geti chini ya 23 mA.