Sauti ya Dusty haikurekodiwa Memphis

Hapa Moshi, wapenzi wa santuri za zamani huambizana kwamba albamu ya Dusty Springfield ya mwaka 1969, "Dusty in Memphis", haichuji kwa sababu mwimbaji huyo Mwingereza aliimba palepale Memphis, bega kwa bega na wapigaji wa huko. Sivyo. Muziki ulirekodiwa katika studio ya American Sound mjini humo, lakini sauti tunayoisikia iliingizwa baadaye New York, kwa kuwa Dusty alipokuwa Memphis alibanwa na woga wa kulinganishwa na magwiji aliowaheshimu mno. Ilipotoka iliuzwa kidogo. Sikiliza wimbo wa kwanza, "Just a Little Lovin'": anaimba kwa upole, karibu kunong'ona, akiziachia fidla nafasi ya kupumua, na utulivu huo, kwa maoni yangu, ndio unaoturudisha kwake.