Kwa nini watengenezaji programu hucheza karata kazini?

Ukiingia katika ofisi za vijana wa programu kule Kijitonyama, usishangae kuwakuta watu watano wameshika karata saa nne asubuhi. Hawachezi arubastini, wala hakuna dau mezani. Wanakadiria ukubwa wa kazi.

Kila mmoja ana karata zenye namba 1, 2, 3, 5, 8, 13 na kuendelea. Mwenye kuwasemea wateja anasoma ombi, tuseme: "Mwanachama wa SACCOS aweze kulipa mkopo kwa simu." Wakishauliza maswali, kila mtu anachagua namba yake na kuilaza karata kifudifudi. Halafu zote zinafunuliwa kwa pamoja. Aliyetoa namba ndogo kuliko wote na aliyetoa kubwa wanajieleza, kisha wote wanachagua namba tena.

Kwa nini wafiche? Mbona wasitaje tu?

Mwaka 1974 wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman walieleza jaribio moja la ajabu. Walizungusha gurudumu la namba mbele ya watu, kisha wakawauliza nchi za Afrika ni asilimia ngapi ya wanachama wa Umoja wa Mataifa. Gurudumu lilikuwa limechezewa lisimame kwenye 10 au 65. Walioona 10 walikisia 25 kwa wastani wa katikati. Walioona 65 walikisia 45. Gurudumu halijui lolote kuhusu Afrika, lakini namba ikishasikika, akili huning'inia hapo hapo.

Sasa ofisini kwetu namba ya kwanza haitoki kwenye gurudumu. Inatoka kwa bosi, anayeitwa mzee hata kama hajafika miaka arobaini. Akisema "hii ndogo tu, siku mbili," nani atafungua mdomo? Kijana aliyekuja kwa mafunzo kwa vitendo ataitikia "sawa mzee" na kuinamia kompyuta yake. Na huenda ni yeye aliyewahi kuhangaika na malipo ya simu, anayejua kwamba kuandika programu si shughuli. Shughuli ni kusubiri ruhusa ya kufanya majaribio kutoka kampuni ya simu, na kuhakikisha taarifa ya malipo ikiletwa mara mbili, deni lisipunguzwe mara mbili. Karata zikifunuliwa, mzee ana 2, kijana ana 13. Hapo kijana hajabisha wala hajakosa adabu. Utaratibu wenyewe unamtaka aseme. Kwangu mimi, hii ndiyo faida kubwa ya mchezo huu hapa Dar, kuliko hata usahihi wa makisio.

Aliyeuandika utaratibu huu ni James Grenning, mwaka 2002. Ni mmoja wa watu 17 waliokutana Snowbird, Utah, nchini Marekani, Februari 2001 na kutia saini tamko la ajaili (Agile), yaani mtindo wa kutengeneza programu kwa hatua fupi fupi. Mike Cohn ndiye aliyeueneza baadaye.

Namba zinaachana zaidi kadiri zinavyokua kwa sababu kazi ikiwa kubwa, mashaka nayo hukua. Hakuna anayeweza kutofautisha kwa dhati 12 na 13. Timu nyingi zikiona 13, huigawa kazi vipandevipande. Na namba hizo, ziitwazo pointi, ni ukubwa, si saa. Mwenge hadi Posta umbali ni ule ule, Jumapili asubuhi au Jumatatu kwenye foleni. Kinachobadilika ni dakika. Timu hupata dakika zake kwa kuangalia imemaliza pointi ngapi katika wiki mbili zilizopita.

Ndiyo maana pointi za timu moja hazilinganishwi na za nyingine. Meneja akianza kuzitumia kupanga nani hodari, kazi za 3 zitageuka 5, za 5 zitageuka 8, na mteja hatapata kitu cha ziada.

Karata zenyewe si lazima kununua. Vipande vya boksi na kalamu vinatosha, mradi mzee asitaje yake kwanza.