Alasiri ya Ikaria si ya uvivu

Wageni wengi wanaofika Ikaria, kisiwa cha Ugiriki katika Bahari ya Aegean, wakikuta maduka yamefungwa saa tisa alasiri husema wenyeji ni wavivu. Si kweli hata kidogo! Mfugaji wa mbuzi na mfuga nyuki wameamka alfajiri, wakafanya kazi kabla jua halijawa kali. Sheria yenyewe ya Ugiriki inataka utulivu majira ya joto, kuanzia saa 9:00 alasiri hadi 11:30 jioni. Kule mlimani, kijiji cha Christos Raches huchangamka usiku: milango ya maduka iko wazi, watu wananunua mkate, watoto wanacheza uwanjani. Kwa hiyo ogelea asubuhi, lala mchana, kisha panda kijijini giza likiingia.