"Damu Safi" Haimaanishi Akili Nzima

Mwezi uliopita, hapa Chake Chake, mzee mmoja alinitolea mfukoni mwa kanzu karatasi ya maabara iliyokunjwa mara nne. "Daktari, damu safi. Malaria hana, sukari hana. Sasa huo ugonjwa mmeupata wapi?" Pembeni yake kijana wake wa miaka 22 alikuwa akinyofoa nyuzi za shati, uzi mmoja mmoja, macho mlangoni. Usiku wa nne huo hajalala. Ni msimu wa karafuu, kweli, lakini yeye alipanda mkarafuu saa nane za usiku kwa kuwa "ameitwa".

Swali la mzee nalisikia kila kliniki, na limenichosha: kama damu haionyeshi kitu, basi huo ugonjwa wa akili ni maoni ya Wazungu yaliyotiwa kitabuni.

Mzee wangu, damu tunaipima ili kuondoa mengine: malaria iliyopanda kichwani, sukari, tezi ya shingo, kaswende. Kaswende ya ubongo ilijaza hospitali za wenda wazimu huko Ulaya, na 1913 vijidudu vyake vikaonekana ndani ya ubongo wenyewe. Karatasi ikirudi safi, hayo hayapo. Zaidi ya hapo haisemi kitu. Kipandauso nacho hakina kipimo cha damu, na sijasikia mtu akimwambia mkewe kuwa kichwa chake kinauma kwa maoni ya Wazungu.

"Lakini mpaka wa uzima na ugonjwa mmeuweka nyie." Ndiyo, tumeuweka. Na wa presha nani kauweka? Kwa miaka mingi ulikuwa 140 kwa 90. Mwaka 2017 madaktari wa moyo wa Marekani wakaushusha hadi 130 kwa 80, na mamilioni waliolala wazima wakaamka na presha, mishipa yao ikiwa ile ile ya jana. Hakuna aliyesema presha ni hadithi, maana kiharusi tunakiona majumbani mwetu. Skizofrenia, ugonjwa wa akili wa kusikia sauti na kuamini yasiyokuwepo, ni hivyo hivyo: mwongozo wa Marekani, kitabu cha kutambulia magonjwa ya akili, unataka dalili ziwepo miezi 6, wa Shirika la Afya Duniani mwezi 1. Mstari umechorwa na watu, lakini yule asiyelala kwa sauti anazozisikia hakuchorwa na mtu.

Na sayansi mimi naiona hapa, kwenye kukubali kusahihishwa. Miaka ya 1960 madaktari wa New York waliandika skizofrenia mara nyingi mno kuliko wenzao wa London. Wakatumwa wachunguzi waliofundishwa kuuliza maswali ya aina moja hospitali za miji yote miwili, na tofauti karibu yote ikayeyuka. Waliotofautiana walikuwa madaktari. Fedheha ile ilisaidia kuleta mwongozo wa Marekani wa 1980, wenye vigezo vilivyoandikwa wazi kila mtu avione.

Mengine nayapitia haraka.

Wapo wanaokiamini kitabu hicho cha mwongozo kama mizani ya karafuu. Nao wamekosea. Mwaka 1851 daktari wa Marekani, Samuel Cartwright, aliandika kuwa mtumwa anayetoroka ana ugonjwa wa akili, tena akaagiza viboko. Sisi, ambao soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa 1873, tunajua alikuwa akimtibu nani. Ndiyo maana nami namsikiliza kwanza anayeumwa, kisha aliyemleta.

Mama anayepandisha kwenye ngoma ya pepo, akashuka, kesho yake akapika na kwenda shamba, si mgonjwa, na miongozo yenyewe haimhesabu. Mjane aliye edani akisikia sauti ya marehemu uani, hiyo ni huzuni yake, mwacheni alie.

Kusomewa na kombe sikatazi. Nakataza kuacha vidonge kwa sababu umesomewa.

Kijana alianza dawa siku ile ile. Mzee nikampa ninachompa kila mtu, daftari la skuli: kila siku aandike mwanawe kalala saa ngapi, kala nini, kasema na nani, kafanya kazi gani. Kliniki iliyofuata akanifungulia ukurasa wa kwanza: "Kalala saa mbili tu. Kala muhogo kidogo. Kamwambia mamake kisimani mna watu." Ukurasa wa kumi na moja: "Kalala mpaka alfajiri. Kaanua karafuu mvua ilipotisha, hakuambiwa na mtu."