Fidia si kurudishiwa nauli

"Wamenirudishia euro 15, 45 wamekula." Ndivyo alivyotuambia shemeji yangu kwa ujumbe wa sauti, baada ya safari yake ya Frankfurt kwenda Brussels. Tiketi ilikuwa ya euro 60, treni ikafika dakika 67 baada ya muda wake, akajaza fomu ya madai, na mwezi haujaisha akaziona 15 kwenye akaunti. Mimi nikabaki nahesabu: hii ni mara ya tatu mwaka huu namsikia Mswahili wa Ulaya akilalamika hivyohivyo. Hakuna aliyekula kitu. Alicholipwa shemeji ni fidia, nayo haijawahi kuwa nauli.

Maana yenyewe ni fupi. Katika Umoja wa Ulaya mambo haya yanaongozwa na Kanuni 2021/782, ya haki za abiria wa reli, inayotumika tangu tarehe 7 Juni 2023. Ukisafiri, ukafika umechelewa dakika 60 hadi 119, unadai asilimia 25 ya bei ya tiketi. Zikifika 120, asilimia 50. Hiyo ni fidia. Kurudishiwa nauli ni pale treni inapotarajiwa kuchelewa dakika 60 au zaidi, nawe ukasema basi, siendi tena. Hapo unarudishiwa pesa yote ya kipande ambacho hukusafiri. Pasipoti haiulizwi katika yote mawili, kwa sababu haki hii inafuata tiketi.

Sasa tuje kwenye maneno, maana ndiko tunakopotea. Nauli tuliipata baharini: Waarabu husema nawl, nao walilipokea neno kutoka Kigiriki, naulon, malipo ya kupanda chombo. Ni bei ya kuvushwa. Nahodha akishakufikisha ng'ambo, hata kama upepo uligoma na mkalala njiani, nauli imeshafanya kazi yake. Cha kurudishwa hakipo tena. Na kurudisha, kwa Kiswahili chetu, ni kukileta kitu kilekile kilipotoka. Jirani akiazima sufuria hakurudishii robo ya sufuria.

Fidia nayo ni fidya ya Kiarabu, kikomboleo. Mzee asiyeweza tena kufunga Ramadhani hutoa kibaba cha chakula kwa maskini kwa kila siku iliyompita. Kibaba hakiirudishi ile siku. Kinasimama mahali pake. Wakristo nao wanalisoma katika Marko 10:45, "fidia ya wengi", maana ikiwa ileile: kitu kinachotolewa badala ya kingine. Ndiyo maana fidia inaweza kuwa robo, nusu au kibaba, na bado ikawa imetimia.

Kilichotuharibia sikio, nadhani, ni ardhi. Kwetu Tanzania neno fidia tunalisikia zaidi barabara au reli inapopita shambani kwa mtu, na huko sheria inataka fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Basi mtu akisikia fidia ya treni anangoja ile kamili. Waingereza nao hawajasaidia. Mpango wao wa kuwalipa abiria waliocheleweshwa wanauita Delay Repay, kana kwamba ulichotoa ndicho kinachorudi, na ukichelewa dakika 60 wanakulipa thamani yote ya safari ya upande mmoja. Kiasi kimelingana na nauli, lakini hata hiyo ni fidia, na wanakupa siku 28 tu za kuidai.

Tofauti hii inagusa mfuko. Dhoruba kali ikifunga njia, au mtu akiingia relini, kampuni inaweza kukwepa fidia. Haiwezi kukwepa kukurudishia nauli kama umeamua kutosafiri. (Mgomo wa wafanyakazi wake yenyewe hauhesabiwi kuwa dhoruba, wasikudanganye.) Kwa hiyo abiria aliyekwama kituoni, ubao unaonyesha dakika 90 na theluji inamwagika, akipanda kwa imani kwamba "nitarudishiwa mbele ya safari", huenda akashuka hana haki ya senti. Angeghairi pale pale, angeondoka na nauli yake nzima.

Dakika zenyewe huhesabiwa pale unaposhuka mwisho wa tiketi, si pale ulipopandia. Treni ikiondoka imechelewa dakika 70, ikakimbia na kufika imechelewa 50, huna dai chini ya kanuni hiyo, hata kama ulisimama kwenye baridi ukipuliza vidole.

Basi shemeji, robo ya 60 ni 15, na 15 umepata. Ungechelewa dakika 53 zaidi ungedai 30, lakini sidhani kama ungependa kuzinunua kwa karibu saa nzima ya kukaa ndani ya behewa. Zile 45 ni nauli ya Frankfurt hadi Brussels, na Brussels umefika, tumekusikia ukilalamika ukiwa jikoni kwako. Siku nyingine wakikuletea vocha badala ya pesa, ikatae na udai pesa; kanuni inakuruhusu. Ila kwenye fomu andika fidia.